Simu ya Jirani

Nnatengeneza simu ya zamani kwa ajili ya nyumba moja ya Mji Mkongwe inayogeuzwa makumbusho. Wenyewe wanataka ifanane kabisa na ile ya asili iliyomo kwenye picha yao: nyeusi, ya kuzungusha namba, na waya uliovishwa kitambaa. Jana nilipoufuta mkonga kwa spiriti, harufu ilinipanda puani, uso ukaniwaka kwa haya.

Utotoni, mtaani kwetu simu ilikuwa moja tu, ya bibi jirani. Baba alikuwa Maskati. Siku akipiga, mama huacha kukaanga samaki wake wa kuuza, akanawa mikono kwa sabuni na ndimu, tukakimbilia huko.

Siku hiyo mama alizungumza kwa furaha, sauti juu.

"Hatuna shida, alhamdulillahi. Mtoto huyu hapa, anakusalimu."

Mkonga uliponifikia sikioni, laini ikakatika.

Tukivaa viatu mlangoni, nilimwona bibi akitia spiriti kwenye pamba. Akaufuta mkonga pale mama aliposhika, akapasugua sana pale alipozungumzia. Nilimwomba Mungu mama asiwe ameona. Yeye alikuwa ameinamia kandambili zake.

"Ahsante, Bi Mkubwa," alisema.

"Karibu tena, mwanangu."

Baba alipopiga mara nyengine, mama alitoa kifuani leso nyeupe iliyopigwa pasi. Hakuna aliyemwambia. Aliuzungushia mkonga leso ile taratibu, mbele ya bibi, kisha akausogeza sikioni.

"Naam," alimwambia baba, "nnakusikia vizuri."