Homa ya Gari

Juzi pale Kampemba nilimwona fundi akifunga radieta ndogo ya kupozea mafuta ya gia mbele ya gari. Harufu ya mafuta yaliyoungua ikanirudisha uani kwetu Katuba, enzi mji wetu ukiitwa bado Elisabethville.

Baba alitaka kwenda Kasenga kumleta mama yake, nkambo wetu, lakini mafuta ya gia yalichemka kila gari lilipopanda kilima. Mchana ule yeye na mjomba walikuwa wakifunga radieta kama ile.

“Gari iko na homa,” alisema baba. “Hii itaipoza.”

Mimi, binti yake mdogo, nikalowesha kitambaa, nikakiweka juu ya boneti. Kikatoa mvuke, nikaamini gari limeshusha pumzi.

“Aksanti, mama,” baba akaniambia, bila kucheka.

Nkambo alipofika, nilimweleza kwamba mimi ndiye niliyelitibu gari. Baba alikuwa palepale, akaitikia kwa kichwa.