Sakafu ya Upande wa Wanawake

Atuganile alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Tangu mumewe alipopata kazi ya reli akamtoa Tukuyu kumleta Temeke, alishamuuliza muuza samaki kwa nini papa anauzwa mkavu, na mchungaji kwa nini malaika hawaoi. Majibu aliyapata nusu nusu. Lakini swali lililomponza lilikuwa la sakafu.

Mwaka huo wa 1952 kanisa lao la udongo lilikuwa limekwisha kuezekwa makuti. Ilibaki sakafu tu, na Jumapili mchungaji angekuja kulifungua. Jumatano waumini wakamwaga udongo wa kichuguu, wakaulowesha, wakashika mbao za kupigia ili waushindilie kwa mbao na kwa miguu: wanaume kulia, wanawake kushoto. Mzee Wilbert, mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu asiyecheka hata harusini, akatoa amri moja: kimya. Hii ni nyumba ya Mungu, si uwanja wa ngoma. Atakayeimba na kucheza, Jumapili hana nafasi kwenye kwaya.

Basi wakapiga, kila mtu na pigo lake. Mfaume, jirani Mzaramo aliyekuwa akiwaletea udongo kwa mkokoteni, akachungulia dirishani, akamwita Atuganile kwa jina la mwanawe.

"Mama Tusekile, kwani mmefiwa?"

Swali hilo halikumtoka Atuganile kichwani. Akamwendea mzee.

"Shikamoo, mzee. Nauliza tu. Kwetu sie sakafu hupigwa kwa wimbo. Bila wimbo, mguu utajuaje zamu yake?"

"Marahaba. Mguu hauna haja ya kujua. Piga."

Mzee alipokwenda kunywa uji, Atuganile akasimama na ubao wake akiwaza. Kwaya ndiyo iliyomzuia asilie ugenini. Kuikosa Jumapili hiyo kungemuuma kweli. Ila kumpigia Mungu sakafu kama watu wa msibani nako kulimuuma. Akaanzisha wimbo. Wanawake wakaitikia, miguu yote ikashuka kwa pamoja, vigelegele vikasikika hadi barabarani. Mzee akarudi na kikombe mkononi. Hakugomba.

"Jumapili utakaa nyuma," alisema.

Jumapili akakaa nyuma, midomo ikimwasha. Kwaya ilipoanza na waumini wakasimama, upande wa wanaume ukatimka vumbi. Mchungaji akakohoa mpaka wimbo ukakatika. Akatazama kulia, akatazama kushoto ambako sakafu ilikuwa imeshikamana, haina hata ufa.

"Hebu niambieni," akasema, "udongo si mmoja?"

Wanaume wakainamisha vichwa. Atuganile naye akainama, akijua jibu moja tu la mzee lingeweza kumtoa kwenye kwaya moja kwa moja. Mzee Wilbert akasimama, suruali yake nyeusi imepauka kwa vumbi hadi magotini.

"Udongo ni mmoja, Mchungaji. Ule umeimbiwa. Huu wetu tumeupiga tu."

Kisha akainama, akafungua kamba za viatu, akavivua.

"Mama Tusekile," akaita, "njoo upande wetu, utuanzishie."