Sehemu ya Tatu ya Wimbo wa Orlena

Huko milima ya Kentaki mtu hapigi fidla kabla hajataja wimbo wake kaupata kwa nani. Utamsikia: huu nilipewa na mjomba Hiram, naye Hiram alipewa na kipofu mmoja muuza sindano, na kipofu aliupata kwa shetani mwenyewe, siku shetani alipokuwa na mafua. Hapo watu hutikisa vichwa, wakaridhika, wakasikiliza. Asiyetaja hana tofauti na mwizi wa kuku. Ndiyo maana uongo wa Verdie Sizemore haukuwa mdogo, japo ulikuwa wa neno moja tu, na aliusema kila Agosti mbele ya watu mia sita na mbwa wao.

Verdie alikuwa mpishi wa shule. Mkate wake wa mahindi ulikuwa mwepesi mno, ilibidi auwekee jiwe juu usije ukapeperuka dirishani. Fidla aliachiwa na babaye, pamoja na nyumba ya bati mwisho wa bonde, na humo aliishi peke yake mpaka alipotimiza miaka thelathini na miwili, msumeno wake wa injini ulipokataa kuwaka. Akaletwa fundi kutoka upande wa pili wa mlima. Kumbe fundi ni mwanamke, Orlena Cobb, mrefu kama mlingoti, mkono mmoja mfuko wa spana, mgongoni banjo. Msumeno ulipona kwa robo saa. Orlena akakaa miaka thelathini na mmoja.

"Msumeno huo umeharibika kwelikweli," alisema Bi Ottie Ratliff, mke wa mchungaji, mwaka ulipogeuka.

"Sana, Bi Ottie," Verdie akajibu. "Vipuri vyake ni vya kungojea."

Bondeni kila mtu alijua, na kila mtu alikuwa na adabu ya kutojua. Ndani mlikuwa na vitanda viwili. Kimoja kiliitwa cha Orlena, na hakikupata kulaliwa na yeyote isipokuwa kuku mmoja aliyekuwa akiatamia. Banjo lilitundikwa ukutani. Liliwambwa ngozi ya paka, na kuna waliosema ni paka wa mchungaji aliyepotea, jambo ambalo Orlena alilikanusha kwa kiapo, ila siku za mvua banjo lilinung'unika lenyewe likitaka maziwa.

Asubuhi moja theluji ikiyeyuka, maji yakidondoka kutoka batini, Verdie alikaa karibu na jiko akisuka nywele zake. Orlena akashusha banjo akaanza kuvifuata vile vidole, fungu hili juu ya lile, lile juu ya hili. Verdie alipofunga ncha ya msuko, wimbo nao ulikuwa tayari. Nyimbo za huko huwa na sehemu mbili, ya chini na ya juu, na kila sehemu hupigwa mara mbili. Huu ulikuwa na tatu, maana msuko ni mafungu matatu. Hiyo ya tatu ilikuwa ya banjo. Fidla ilitakiwa kushika sauti moja tu, ndefu, chini yake, kama mtu anayemshikia mwenzake ngazi.

"Mbona mimi nimepewa sauti moja?" Verdie akalalamika. "Nimegeuka nguzo?"

"Tulia hapo, wewe mwanamke. Angalau mara moja maishani mwako unyamaze unisikilize."

"Na unaitwaje?"

"Verdie Anasuka." Orlena akalifuta banjo kwa kiwiko. "Mbele za watu tutapiga mbili. Ya tatu wataisikia siku utakayonitaja."

Basi kila Agosti, kwenye mashindano ya fidla, walipanda jukwaani wawili, Verdie na fidla, Orlena na banjo lake, wamevaa mashati ya kufanana. Mshika kipaza sauti akiuliza wimbo umetoka wapi, Verdie alisema, "Niliupata kwa jirani yangu." Na jirani mwenyewe yuko pale, viwiko vyao vinagusana.

Sababu ilikuwapo. Wakubwa wa shule wa siku zile wasingekubali mwanamke wa namna hiyo awapakulie watoto maharage. Mwalimu mmoja wa wilaya ya pili alifungasha virago kwa kosa dogo kuliko hilo. Orlena alilielewa, akacheka, akapiga sehemu mbili, wakarudi nyumbani, wakafunga mlango, wakapiga ya tatu. Petro alimkana bwana wake mara tatu, akawikiwa na jogoo. Verdie alikana mwaka hadi mwaka, ila jogoo wao alikuwa kiziwi.

Kisha Verdie akastaafu. Akaagwa na keki, akapewa saa ya ukutani. Sasa hakuna wa kumfukuza popote. Agosti hiyo, wakifunga vyombo vyao ndani ya pikapu, Orlena akamshika mkono.

"Verdie, mwaka huu nitaje."

"Nikutajeje?"

"Orlena Cobb. Basi. Sikuambii uwahutubie. Jina langu na la baba yangu, na wimbo wangu. Kifua hiki hakinipi miaka mingi."

"Nitakutaja."

"Apa."

"Naapa kwa fidla ya baba."

Na alikusudia. Alipanda jukwaani na jina liko mdomoni, tayari. Akafumbua kinywa, na macho yake yakatua safu ya mbele, kwa Bi Ottie Ratliff, amekaa na upepeo wake wa karatasi, anamtazama. Ulimi wa Verdie ulikuwa na njia yake, kama punda wa kinu: umemfungua kamba, yeye bado anazunguka.

"Niliupata kwa jirani yangu," akasema.

Orlena akawatabasamia watu. Akapiga sehemu mbili bila kukosea hata uzi. Njiani kurudi, pikapu ilipofika kwenye daraja la bonde lao, akageuka.

"Jirani," akasema, "nishushe kwangu."

"Orlena, usifanye hivyo."

"Au hujui kwangu ni wapi?"

Kuanzia siku hiyo akamwita hivyo. Jirani, nipe chumvi. Jirani, umechukua miwani yangu? Alisema huku anacheka, akambusu shingoni, akamkanda miguu kama kawaida. Ila wimbo wa Verdie hakuupiga tena. Verdie alipolishusha banjo ukutani akamwekea mapajani, Orlena alilirudisha msumarini. "Huo wa mtu mwingine," alisema. "Mwombe mwenyewe, jirani yako."

Verdie akajiambia: Agosti itafika. Nitamtaja kwa sauti mpaka milima ishtuke, na atanisamehe.

Februari, mchana kweupe, Orlena alitoka kunoa msumeno. Akageuka mlangoni akasema, "Jirani, usisahau kuwafungia kuku." Verdie alimkuta kando ya rundo la kuni, tupa bado mkononi. Kifua kilikuwa kimetimiza neno lake. Na mpaka leo Verdie hajui kama neno lile la mwisho lilikuwa utani au lilikuwa jeraha.

Akaja mpwa wa Orlena kutoka Tenesii, kijana mpole, kofia mkononi, akauliza, "Na wewe, mama, ulikuwa nani wake?"

Verdie akatazama chini. "Jirani."

"Mungu akubariki kwa kumwangalia shangazi," akasema mpwa, akachukua mwili wakauzike kwao. Banjo nalo alilichukua, maana jirani harithi. Ukutani ukabaki msumari.

Kuanzia hapo Verdie alikaa na fidla akiitafuta sehemu ya tatu. Ya kwanza ipo. Ya pili ipo. Ya tatu alikuwa ameisikia mara elfu, akiwa chini yake, akishika sauti yake moja, macho kayafumba. Ungedhani sikio lake lingekuwa limeikamata. Aliimba kwa mdomo, akafika katikati, ikampotea. Alikaa karibu na jiko akazisuka nywele zake, sasa nyeupe na fupi, akivitazama vidole vyake kwenye kioo, labda vitakumbuka. Havikukumbuka. Vilikuwa vimefuatwa tu. Havikupata kujua vinaimba nini.

Agosti ikafika. Verdie akapanda jukwaani peke yake, na shati lile la kufanana na la mtu.

"Shangazi Verdie," akasema mshika kipaza sauti, "leo unatupigia nini?"

"Verdie Anasuka. Nimeupata kwa Orlena Cobb, binti Lonzo Cobb. Nimewadanganya miaka mingi. Hakuwa jirani yangu. Jirani hulala ng'ambo ya ua. Orlena alilala nami, upande wa dirishani, na miguu yake ilikuwa ya baridi kama chura."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Hata mbwa wakageuza vichwa. Verdie akangoja jiwe, au mluzi, au viti kusukumwa. Pale mbele Bi Ottie Ratliff akateremsha upepeo wake.

"Verdie, mwanangu," akasema, bila ukali wowote, "tunajua tangu ule msumeno. Piga basi."

Ni hapo Verdie alipovunjika, si kabla. Jiwe angelistahimili. Kama lingerushwa jiwe, basi angalau alikuwa na cha kuogopa.

Akainua upinde. Sehemu ya chini, mara mbili. Ya juu, mara mbili. Mpiga gitaa wa pale jukwaani alidhani umekwisha, akashusha mkono. Lakini Verdie hakushusha. Alishika ile sauti yake moja, ndefu, ya chini, akamwachia Orlena nafasi yake yote juu, urefu ule ule, wala hakuongeza kitu. Watu walisikiliza fidla ikimshikia ngazi mtu ambaye hakuwapo.

Akaipiga mara mbili, kama desturi inavyotaka.