Kiwele cha Gomti

Kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Anand nchini India, hakuna aliyewatunza ng'ombe kama Kesharben. Mumewe alipofariki alimwachia wanne, na kwa maziwa yao akasomesha mabinti wawili. Fahari yake ilikuwa Gomti: ngozi inang'aa, kiwele laini, ndoo inajaa kila asubuhi.

Kwa hiyo Hetal, daktari kijana wa mifugo, alipokuja kupima ng'ombe wa chama chetu cha maziwa, Kesharben alimtania mbele yetu sote.

"Huyu wangu unamtafutia nini, binti yangu? Mchumba?"

Tulicheka, Hetal naye akacheka. Akakamua kidogo kutoka kila chuchu kwenye kisahani chenye vikombe vinne, akatia dawa ya zambarau, akakizungusha. Kikombe kimoja kilibaki majimaji. Vitatu viliganda mbele ya macho yetu, vikawa kama ute wa yai bichi.

Kicheko kilikatika.

"Mungu wangu! Si ndiyo haya niliyonywea chai leo?"

"Uliyachemsha, mama, usiogope. Lakini kiwele kinaumwa kwa ndani. Kwa nje huwezi kujua."

"Basi mchome sindano! Mimi mwenyewe humchoma kila akionekana mnyonge. Bhikhu wa dukani huniuzia dawa."

"Unamchoma siku ngapi?"

"Akichangamka tu naacha. Inayobaki namwekea mwingine."

 Hetal alichukua maziwa ya ng'ombe wote wanne akayapeleka maabara mjini. Aliporudi, alimwonyesha Kesharben picha kwenye simu: kisahani kilichotandwa na bakteria kutoka kwenye maziwa ya Gomti, na juu yake vipande vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Dawa inayoua huacha duara safi pembeni yake. Hapakuwa na duara hata moja.

"Ya Bhikhu ni ipi?"

"Hii hapa."

"Na ile kali ya hospitalini?"

"Hii. Zote hazifui dafu, mama. Dawa ikiachwa nusu kila mara, bakteria huzoea. Na wengine wawili wameambukizwa. Unawafuta chuchu kwa kitambaa kimoja?"

Kesharben alikivuta kitambaa begani, akakitupa kama aliyeshika nyoka. Kisha akakaa chini palepale kwenye samadi.

Jioni ile alimwendea Bhikhu, akatua chupa zote za dawa mezani.

"Umeniuzia nini wewe?"

"Ninachomuuzia kila mtu," Bhikhu akasema, akishangaa kweli. "Uliza hao."

Kesharben akageuka. Tulikuwa sita dukani. Kila mmoja wetu alishawahi kuinunua dawa ile.

Kati ya wale wawili, mmoja alipona bila dawa. Wa pili chuchu moja ilikauka kabisa. Gomti hakupona. Kwetu ng'ombe hapelekwi buchani, kwa hiyo Kesharben aliacha kumkamua, akamfunga peke yake upande wa pili wa ua. Anamkatia majani kila siku. Akimaliza, ananawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kisha ananawa tena.