Nafasi ya Sura ya Mwisho

Majirani walimpachika jina la Nyamazeni, naye hakulikataa, kwa kuwa neno hilo lilimtoka kinywani mara nyingi kuliko salamu. Chumba chake cha kurekodia kilikuwa uani, kuta zake zimefunikwa magodoro makuukuu, dirisha limezibwa kwa blanketi zito. Humo alirekodi vitabu vya wanafunzi wasioona. Msomaji wake alikuwa mama yake mdogo, mwalimu mstaafu mwenye sauti nzito na tulivu, ambayo watoto wale walikuwa wameizoea kiasi cha kuinunia nyingine yoyote.

Kitabu cha hadithi walichokuwa nacho mkononi kilibakiza sura moja tu, na sura hiyo haikuwa ya kungojwa. Kesho yake mama mdogo alikuwa anakwenda kupasuliwa koo, na daktari hakutaka kumwahidi kwamba sauti ingerudi kama ilivyokuwa.

Mama mdogo alikuwa ameanza ukurasa wa pili wakati mawimbi ya sauti yalipoganda kwenye kioo cha kompyuta. Likatokea tangazo kwamba diski imejaa.

"Simama kidogo, Mama mdogo."

"Nimekosea?"

"Hujakosea. Kompyuta ndiyo imeshiba."

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, ndiye aliyekuwa akiitunza mashine hiyo. Alipoitwa aliingia na kikombe cha chai, akasoma tangazo, akacheka.

"Futa zile za makosa, shemeji. Kila sentensi unayo mara nne: aliyokohoa, aliyopiga chafya, iliyopitiwa na pikipiki..."

"Sifuti nisichokisikiliza."

"Basi tutasikiliza mpaka tuote mvi. Mrekodi kwa simu yangu."

"Simu yako inasikia mpaka jirani akijikuna kichwa."

"Gombaneni polepole," mama mdogo akanong'ona kutoka kitini, kikombe cha maji ya uvuguvugu kifuani. "Sauti ninayo ya leo tu."

Maneno hayo yalimharakisha Nyamazeni. Diski ya nje, ambayo ingewafaa saa hiyo, ilikuwa shuleni pamoja na sura za mwanzo, na mwalimu aliyeichukua alikuwa safarini. Nafasi ilibidi itoke humo humo ndani. Alivuta kigoda, akaiagiza kompyuta ipange mafolda kwa uzito, kubwa juu, dogo chini.

Juu kabisa likakaa folda liitwalo Akiba, zito kuliko rekodi zote zikiwekwa pamoja. Alilifungua. Ndani akakuta nakala za rekodi na, kando yake, Akiba jingine. Akalifungua na hilo. Likazaa la tatu. Kila alipodhani amefika chini, palikuwa na mlango mwingine.

"Hii ni nini?"

"Nakala zako," shemeji akajibu kwa fahari. "Tangu ile diski iende shuleni, kila Ijumaa nalinakili folda zima la studio, naliweka humo."

"Na hili Akiba lenyewe linakaa wapi?"

"Si ndani ya studio..." Kikombe kikasimama katikati ya safari ya mdomoni. "Lo! Kwa hiyo nilikuwa nanakili na nakala za Ijumaa iliyopita."

"Na za ile ya kabla yake."

"Lakini shemeji, ni wewe uliyesema nisiache hata kitu kimoja. Akiba nalo si kitu?"

Mama mdogo akaziba mdomo asicheke kwa sauti. Agizo lilikuwa la Nyamazeni kweli, na alikuwa amelitoa huku kidole kiko juu.

Shemeji akashika kipanya alifute folda zima. Akadakwa mkono.

"Ngoja kwanza."

"Ngoja nini tena? Ni marudio matupu!"

"Nitajua nikishaona."

Alifungua madirisha mawili sambamba, akalinganisha faili kwa faili: jina, ukubwa, kisha mwisho wa kila moja masikioni. Shemeji alipiga miayo, akatoka, akarudi. Yeye hakuinua kichwa. Alipofika sura ya mafuriko alisita. Faili la studio lilikatika katikati ya sentensi. Mtu alikuwa amehifadhi kipande juu ya rekodi kamili. Sura nzima ilikuwa imebaki ndani ya Akiba peke yake.

"Ningekuwa nimekwisha kuifuta," shemeji akasema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo."

Nyamazeni aliitoa sura hiyo, akaiweka mahali pake, akamaliza kulinganisha zilizobaki, ndipo akalitupa Akiba. Nafasi haikuongezeka, kwani vilivyotupwa vilikuwa bado vimelala kwenye pipa la kompyuta. Kulimwaga lilikuwa jambo lisilo na marejeo. Alivuta pumzi, akalimwaga. Nusu ya diski ikawa wazi.

"Tuendelee, Mama mdogo."

Sura ilisomwa yote bila kukwama. Mama mdogo alipofunga kitabu, sauti ilikuwa imeanza kukwaruza.

"Imetoka safi!" shemeji akasema mlangoni.

Nyamazeni alivaa vipokea sauti, akasikiliza aya za mwisho. Akavivua taratibu.

"Sema tu," mama mdogo akamwambia. "Nimesoma kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Niliogopa itashiba tena. Wale watoto watajua."

"Watajua," Nyamazeni akakiri. "Koo linaweza?"

"Kesho koo ni la daktari. Leo bado ni langu."

Nyamazeni hakuifuta rekodi ile ya haraka. Alifungua faili jipya pembeni yake, akaangalia nafasi iliyobaki, akamsukuma shemeji nje kwa kiganja na kufunga mlango.

"Anzia mwanzo wa sura," akasema. "Nenda upendavyo. Nafasi ipo."

Mama mdogo akanywa funda moja la maji, akaweka miwani sawa, akaanza kusoma bila haraka.