Pale Santuri Ilipokwama

Spiriti ndiyo harufu ya Jumapili za utoto wangu. Baba alilowesha pamba kwa spiriti kidogo, akafuta santuri zake, zile ndogo za wimbo mmoja kila upande, polepole, kama anayemnawisha mtoto uso. Miaka hiyo kaseti zilikuwa zimeingia kila duka la Sinza, na santuri zilionekana vitu vya wazee. Chini ya kitanda chake lilikaa boksi la santuri za bendi yake ya roki, ile aliyoipigia gitaa kabla sijazaliwa. Mwenye duka aliyepewa aziuze alikuwa amezirudisha kwa kukosa wanunuzi.

Mjomba Zuberi, kaka yake mama, aliyeuza kaseti Temeke, alilijua boksi hilo na hakuliacha lipumzike. Kila alipokuja kula alimwambia baba kwamba bendi hupimwa kwa mauzo, na kwamba wao walikuwa wakijipigia wenyewe. Zamani baba alicheka. Mwaka ule aliacha kucheka, akamwahidi mwanamuziki mmoja wa hoteli za Kunduchi kwamba angemuuzia gitaa lake, lile kavu lisilohitaji umeme, mara tu baada ya harusi ya shangazi. Niliumia kama vile ndugu yetu anahama.

Siku ya harusi umeme ulikatika alasiri, kaseti za mjomba zikanyamaza, na shangazi akatuma neno kutoka ndani kwamba kaka yake apige. Baba akaimba ule wimbo wa kwenye santuri. Alipofika kwenye neno "rudi", uani kote wakaimba "rudi, rudi, rudi", wakapiga kofi moja, kisha wakaruka mstari mzima na kuendelea mbele. Baba akasimamisha gitaa.

"Nani kawafundisha hivyo?"

Mama Saumu, jirani yetu, alijifuta mafuta ya pilau mikononi. "Santuri yangu hiyo, Baba Rehema. Ilikwaruzika, inakwama hapo. Nilikuwaga naipiga kofi ndo iendelee. Mtaa mzima wameiazima, kila sherehe. Sie tukajua ndo ulivyoimba."

"Kwa hiyo mliuza moja," mjomba akasema.

"Moja tu, shemeji," baba akajibu, huku kicheko chake cha zamani kikimrudia. "Haya, piga kofi na wewe."

Akaanza upya. Safari hii aliimba "rudi" mara tatu, akaacha nafasi ya kofi, na mjomba akapiga. Gitaa halikwenda Kunduchi.

Siku hizi wanamuziki huonyeshana kwenye simu idadi ya waliowatazama, na mimi huulizwa riwaya yangu imeuza nakala ngapi. Huwa naitaja idadi, ndogo kama ilivyo, bila kuona haya. Juzi nilikuwa harusini Bunju, na vijana ambao hawajawahi kushika santuri wakauanza wimbo wa baba. Walipofika kwenye "rudi", wakairudia mara tatu, wakapiga kofi.