Mwanamkuu Akataa Mstari Mmoja

Mwanamkuu wa Kanyenye, mjini Tabora, anaendesha bajaji, na tangu atimize miaka hamsini hasikii la mtu. Riziki yake hasa ni wageni. Anawatoa stesheni, anawapeleka Kwihara kwenye tembe la kale, nyumba ya udongo ambayo sasa ni makumbusho, anawapitisha chini ya miembe ya njia ya misafara, anawaonjesha asali, anawarudisha wamebabuka kwa jua. Mwaka huo wageni walikuwa haba, mpaka akaanza kuambiwa auze bajaji. Basi aliposikia kampuni moja ya Dar es Salaam inatengeneza kitabu cha kuwaongoza watalii, Dodoma mpaka Kigoma, na mwandishi wake atashuka Tabora, bajaji aliiosha mara mbili.

Mwandishi alikuwa Nassibu, Mzaramo wa Kisarawe, daftari mkononi. Alikuwa anatoka Kigoma, na alikuwa na saa tano tu kabla ya treni ya kurudi Dar. Akamsomea Mwanamkuu alichokwisha kuandika, tena kabla hajaona kitu cha Tabora. Dodoma na zabibu zake, kurasa nne. Uvinza, kwa ajili ya chumvi, mbili. Ujiji na ziwa, sita. Tabora mstari mmoja: mji wa kubadilishia treni, jua kali, beba maji.

Mwanamkuu akamuuliza hilo jua la Ujiji analolisifia analitoa wapi, maana kila asubuhi linapita Tabora kwanza. Kule wanapokea lililokwisha kutumika.

Nassibu akacheka. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu misafara ya wapagazi wa kwenda pwani, kwa hiyo naye akarusha lake.

"Mnyamwezi, kazi yenu kubeba. Wewe nibebe tu, kuandika niachie."

Hapo ndipo alipojichongea. Mwanamkuu alilinyakua daftari, akalikalia, akawasha bajaji. Mtu baki angeita polisi. Mtani hana pa kushtaki: kitu chako kikichukuliwa, hununi, unakikomboa.

"Utalikomboa kwa macho," Mwanamkuu alisema. "Nikisimama, unashuka, unatazama. Ukipiga miayo, naongeza kituo."

Kwihara alishuka amenuna. Akaupapasa mlango wa nakshi wa lile tembe, akakaa nao muda kuliko alivyokusudia. Kwenye miembe aliuliza nani aliyeipanda.

"Wazee wanasema ni makokwa ya wapagazi," Mwanamkuu akamjibu. "Babu zangu walikula maembe ya babu zako huko pwani, kokwa wakalitupia huku. Hapa ni kwenu, mtani. Kwenu hapa umepaandikia mstari mmoja."

 Sokoni Nassibu alilamba asali, akaomba tena.

Walipofika stesheni, treni ilikuwa imekwisha kuingia. Nassibu akanyoosha mkono kutaka daftari lake, akaahidi nusu ukurasa. Mwanamkuu hakuinuka. Nassibu akaahidi ukurasa mzima. Hakuinuka.

"Sasa unataka nini, mama?"

"Boma la Wajerumani hujaliona. Usoke na tumbaku yake hujafika. Utaandika ukurasa wa kitu gani, wa kukisia? Kaniandike vibaya, lakini uwe umeniona."

Watu walikuwa wanapanda na mabegi yao. Nassibu aliitazama treni, akamtazama mwanamke yule aliyekalia kazi yake ya wiki nzima. Kisha akapiga simu Dar, akawaambia Tabora imemzidi, anahitaji siku mbili zaidi.

Treni ikaondoka. Mwanamkuu akainuka, akampa daftari, likiwa limejikunja kidogo.

"Mstari ule ufute mwenyewe," akasema. "Mimi nakutafutia gesti."